Majani ya Mepo Yakigeuka: Namna ya Kumaliza Rangi Ndani ya Kamera

Mwishoni mwa Septemba rangi huanza kushuka kutoka vilele vya White Mountains, kaskazini mwa New Hampshire, Marekani. Kufikia wiki ya pili ya Oktoba mabonde nayo yamegeuka: miti ya mepo (maple) nyekundu na rangi ya chungwa, birichi (birch) njano, misonobari imebaki kijani katikati yao. Kusini, Connecticut na Rhode Island, hali hiyo hufika mwishoni mwa Oktoba. Kamusi huyaita majira haya vuli, lakini kwa aliyekulia Tanga au Machakos vuli ni mvua, basi hapa tutayaita msimu wa kupukutika. Wazungumzaji wa Kiswahili wanaoishi Maine, New Hampshire na Vermont, wakiwemo waliotoka Kongo, Burundi na Rwanda, hawahitaji safari ndefu kuyaona.

Mwongozo huu ni wa anayetaka picha itoke kwenye kamera ikiwa imekwisha, JPEG ya kutuma nyumbani jioni ileile, bila kukaa mbele ya kompyuta. Inawezekana kabisa. Ila maamuzi yote lazima yafanywe kabla ya kubonyeza, kwa sababu JPEG ina ngazi 256 tu kwa kila chaneli ya rangi, na nyekundu ikishafurika, yaani kuungua kwa kupita ngazi ya juu kabisa, hairudi.

Kosa linaloharibu picha nyingi za majani ni kuona rangi imepoa kwenye skrini, kisha kukimbilia kupandisha ukolezo wa rangi (saturation). Mara nyingi rangi imepoa kwa sababu nyingine: kamera imeona njano nyingi ikaiondoa, jani linaakisi weupe wa anga, au chaneli ya nyekundu imeungua. Shughulikia hayo matatu kwanza. Ukolezo uwe kitu cha mwisho kuguswa.

Hatua ya 1: Tayarisha kamera nyumbani

Chagua kuhifadhi RAW pamoja na JPEG. RAW, yaani data ghafi ya kamera kabla haijachakatwa, hapa ni akiba tu: Fujifilm, Canon na Nikon nyingi zinaweza kuichakata upya ndani ya kamera yenyewe, kwa hiyo ukikosea mtindo wa picha (mapishi ya rangi yaliyomo kwenye kamera) unatengeneza JPEG nyingine palepale njiani. Weka nafasi ya rangi iwe sRGB. Adobe RGB ikifunguliwa kwenye programu isiyoitambua, majani hutoka yamepauka.

Zima mwanga wa skrini wa otomatiki, uweke katikati, yaani 0, na usiuguse siku nzima. Skrini inayojiongeza mwanga juani hukudanganya kwamba picha imeng'aa vya kutosha, na skrini iliyofifia jioni hukufanya uongeze mwanga usiohitajika. Kisha washa histogramu (grafu ya mwanga, giza kushoto na weupe kulia) ya rangi tatu, ile inayoonyesha nyekundu (R), kijani (G) na bluu (B) kila moja peke yake. Ile moja nyeupe haitoshi, na sababu utaiona kwenye hatua ya 4.

Hatua ya 2: Funga mizani ya nyeupe

Hii, inayoandikwa WB (white balance) kwenye menyu, ndiyo hatua yenye faida kubwa kuliko zote. Ikiwa kwenye AUTO, kamera hutazama fremu nzima na kukisia rangi ya mwanga. Ukijaza fremu kwa birichi za njano, inaweza kudhani mwanga ndio wa njano, ikaongeza bluu ili kusawazisha. Geuza lenzi kidogo msonobari uingie, inakisia upya. Ndiyo maana picha tano za mti mmoja hutoka na rangi tano.

Toka kwenye AUTO, chagua alama au namba ya Kelvin (K), kipimo cha rangi ya mwanga:

- Jua la mchana na anga safi: alama ya jua, karibu 5200 K.
- Mawingu mazito: 5800 hadi 6000 K, au alama ya wingu.
- Ndani ya kivuli huku anga la bluu likiwa juu: 6500 hadi 7000 K. Alama ya nyumba yenye kivuli ni 7000 K kwenye Canon na 8000 K kwenye Nikon, na hiyo 8000 mara nyingi huzidi.
- Saa ya mwisho kabla ya jua kuzama: rudi 5000 hadi 5200 K.

Namba ikipanda, picha inazidi kuwa ya njano. Wengi hujichanganya hapa kwa kuwa mwanga wenye Kelvin nyingi wenyewe ni wa bluu. Ila ukiiambia kamera kwamba mwanga ni 7000 K, inaelewa kuna bluu nyingi ya kuondoa, na inaiondoa kwa kuongeza njano.

Jihadhari na alama ya kivuli wakati wa machweo. Mwanga tayari ni wa dhahabu, na ukiongeza dhahabu juu yake njano na rangi ya chungwa huungana zikawa kitu kimoja, misonobari ikageuka rangi ya zeituni. Nyekundu ya mepo inasimama kwa sababu ya kijani kibichi na bluu zilizo jirani yake. Ukizipasha moto zote, hakuna inayosimama.

Chini ya miti yenyewe, mwanga unaopenya majani huwa na kijani. Tumia kisahihisho cha WB: kwenye Canon, Nikon au Sony sogeza nukta moja au mbili kuelekea M (majenta, kinyume cha kijani). Kwenye Fujifilm mihimili ni nyekundu na bluu, kwa hiyo anza na R +1 na B +1. Usiende mbali, kwani kuvuka hapo mashina ya birichi, yaliyo meupe kama chokaa, yanakuwa na rangi ya waridi. Shina la birichi ndilo kipimo bora ulichonacho msituni. Likitoka jeupe lenye joto kidogo tu, umefika.

Hatua ya 3: Ondoa mng'ao wa jani

Jani la mepo lina uso wenye nta. Anga jeupe hujiakisi juu yake kama kwenye kioo, na hakuna mtindo wa picha unaoweza kukoleza weupe huo. Kinachoweza ni filta ya polaraiza ya duara. Ifunge mbele ya lenzi, kodolea macho jani moja kwenye skrini, zungusha pete polepole. Utaona utando wa maziwa juu ya jani ukiyeyuka na wekundu ukijitokeza pamoja na mishipa yake ya njano. Simama hapo. Baada ya mvua tofauti ni kubwa zaidi, na siku ya mawingu filta inafanya kazi vilevile kwa majani, ingawa wengi huiacha begini wakidhani ni ya anga la bluu peke yake.

Filta hula stopu moja hadi mbili za mwanga (kila stopu hupunguza mwanga kwa nusu), kwa hiyo angalia kasi ya shata. Kwa anga, nguvu yake ni kubwa zaidi jua likiwa upande wa bega lako. Kwa lenzi pana, chini ya milimita 24 kwenye fremu kamili, anga hupata baka jeusi upande mmoja: punguza mzunguko au liache anga nje ya fremu. Na kando ya mto kama Swift River, unaofuatana na barabara ya Kancamagus, usizungushe mpaka mwisho. Ukifika mwisho unaondoa mng'ao wa mawe, lakini unafuta pia kivuli cha miti ndani ya maji, ambacho pengine ndicho kilichokusimamisha.

Hatua ya 4: Linda chaneli ya nyekundu

Anza hivi: hali ya kipaumbele cha tundu, A au Av, f/8, ISO ya chini kabisa ya kamera. Kukiwa na upepo mdogo shata isishuke chini ya 1/250. Hewa ikitulia na kamera ikiwa juu ya tripodi, hata sekunde nzima ni sawa.

Piga picha ya jaribio, fungua histogramu ya rangi tatu, tazama R. Ikiwa imebanana na ukuta wa kulia, mepo imeungua, hata kama histogramu nyeupe inaonyesha nafasi tele. Ile nyeupe huchanganya chaneli zote na kuipa kijani uzito mkubwa kuliko nyekundu, kwa hiyo nyekundu inaweza kufurika bila histogramu hiyo kustuka. Kuza picha uangalie jani moja. Jani zima lina mishipa, madoa ya kahawia, kingo zilizoanza kukauka. Jani lililoungua ni bapa la wekundu mtupu, kama kipande cha plastiki.

Ukiona hivyo, una njia mbili. Ya kwanza ni kupunguza mwanga kwa kitufe cha +/−, theluthi moja ya stopu kila mara, hadi R iache ukuta. Kwa mepo iliyopigwa na jua huwa kati ya −0.3 na −1. Ya pili wengi hawaijui: histogramu ya kamera huhesabiwa kutoka kwenye JPEG, siyo RAW, kwa hiyo mtindo uliochagua ndio unaoisukuma. Badilisha mtindo uwe laini zaidi, au shusha ukolezo ngazi moja, na R itarudi nyuma bila kuipa picha giza. Jaribu njia ya pili kwanza ikiwa vivuli tayari ni vizito.

Birichi ni kinyume. Siku ya mawingu njano yake ni angavu, kipimo cha kamera kinaogopa na kuipunguza, inatoka kama haradali iliyolala. Ongeza +0.3 hadi +0.7.

Jua likiwa kali, punguza tofauti ya mwanga na giza kabla ya kufikiria rangi. Fujifilm ina DR200, lakini inahitaji ISO isiyopungua 320 kwenye X-T4 na 250 kwenye X-T5. Chini ya hapo haikubali kuchaguliwa. Canon ina alama ya D+, ambayo kwenye kamera nyingi huanzia ISO 200. Nikon ina Active D-Lighting, na kiwango cha chini au cha kati kinatosha. Sony ina DRO, weka Lv2. Ukizidisha yoyote kati ya hizi, vivuli vya msitu vinakuwa vya kijivu na picha inapoteza kina.

Hatua ya 5: Sasa mtindo wa picha

Chukua viwango hivi kama mahali pa kuanzia, kisha usogee ngazi moja moja.

Fujifilm, mawingu: Velvia, Color 0 au −1, Highlight −1, Shadow −1, Color Chrome Effect kwenye kiwango chake cha juu, kisahihisho cha WB R +1 B −2. Velvia juani ni kali mno kwa mepo. Hapo nenda Astia au Provia, Color +1, DR200. Color Chrome Effect ndiyo zana ya majani hasa, kwa maana huongeza kina ndani ya rangi zilizokolea badala ya kuzikoleza zaidi, na mishipa ya jani huonekana.

Canon: usikimbilie mtindo wa mandhari kwa sababu ya jina lake. Huo umetengenezwa kukoleza bluu na kijani, na msitu wa Oktoba hauhitaji kijani zaidi. Anza na Standard, kontrasti −1, ukolezo +1. Canon pia imetoa faili ya mtindo iitwayo Autumn Hues, inayokoleza kahawia na nyekundu. Huingizwa kwenye nafasi ya mtumiaji kwa programu ya EOS Utility na kebo, mara moja tu. Ukiitumia, acha ukolezo 0.

Nikon: Standard, kontrasti −1, ukolezo +0.5 hadi +1 kwenye kamera zinazokubali nusu ngazi. Kipimo cha mwanga kinacholinda sehemu angavu, chenye alama ya nyota, kinafaa sana pale jua linapochungulia kati ya matawi.

Sony za zamani zenye Creative Style zina mtindo wa majani ya msimu huu kabisa, uitwao Autumn Leaves. Una nguvu, basi shusha ukolezo wake −1. Zile mpya zenye Creative Look hazina mtindo huo. Tumia ST (Standard) na ukolezo +1 au +2, kontrasti −1. VV (Vivid) iache kwa siku ya ukungu.

Kwa kamera zote, shusha kiwango cha upunguzaji wa chembe (noise reduction), ambao kwenye Fujifilm unafika −4. Majani ya mbali ni vitu vidogo vingi vyenye rangi zinazokaribiana, na kamera huyadhania chembe ikayasugua hadi mlima mzima uonekane umepakwa rangi ya maji. Ukali usiupandishe zaidi ya +1, la sivyo kila jani linapata mzingo mweupe.

Hatua ya 6: Hifadhi hali tatu

Mwanga wa milimani hubadilika kwa dakika, na kupekua menyu kwa vidole vilivyoganda ni mateso. Tumia nafasi za mtumiaji: weka jua kwenye C1, mawingu kwenye C2, kivuli cha msitu kwenye C3, au U1 hadi U3 kwa Nikon zenye nafasi hizo. Hakikisha WB imehifadhiwa ndani ya kila moja. Kwenye baadhi ya kamera za Fujifilm za zamani, kisahihisho cha WB hakihifadhiwi pamoja na nafasi ya mtumiaji, hivyo ukibadili nafasi kikague kwa mkono.

Mahali pa kusimama

Njano ilikuwemo ndani ya jani tangu kiangazi, imefunikwa na kijani. Kijani kikivunjika inabaki yenyewe. Nyekundu ni tofauti: mepo huitengeneza upya kutokana na sukari iliyobaki kwenye jani, na mwanga wa jua huichochea. Mchana wa jua na usiku wa baridi isiyofikia kugandisha ndivyo vinavyoleta nyekundu kali. Kwa hiyo uzunguke mti. Upande uliopata jua msimu mzima mara nyingi ni damu ya mzee, na wa nyuma bado una kijani.

Mwanga kutoka nyuma ya jani ndio mtamu kupita wote. Jani linawaka lenyewe kama kitambaa kilichoanikwa mbele ya taa, na mng'ao wa nta haupo. Funga kikinga-jua cha lenzi (lens hood), weka jua nyuma ya shina, punguza −0.3. Mapema Oktoba huko Conway jua huchomoza karibu saa moja kasorobo asubuhi na kuzama saa kumi na mbili na robo jioni, lakini milima hulizuia mapema, kwa hiyo bonde la Swift River huingia kivulini kabla ya saa hiyo. Kancamagus yenyewe ni maili 34, kutoka Lincoln hadi Conway, na haina kituo cha mafuta. Jaza tangi kabla.

Siku ya mawingu toa anga nje ya fremu. Anga jeupe kwenye JPEG ni tundu jeupe tu, na jicho hukimbilia hapo.

Watu weusi chini ya mti wa njano

Familia nyingi huenda msituni kwa ajili ya picha hii, na ndiyo inayoharibika zaidi. Kamera inaona ukuta wa majani angavu nyuma, inapunguza mwanga, na sura zinazama gizani. Ukolezo uliowekwa kwa ajili ya mepo unageuza ngozi nyeusi kuwa ya chungwa au nyekundu ya matofali. Majani ya njano juu ya vichwa yanamwaga njano kwenye paji la uso, na nyasi zinarudisha kijani chini ya kidevu.

Watoe watu chini ya mti, hatua nne au tano mbele, mpaka anga wazi liwe juu yao na mti uwe mandhari nyuma. Badilisha mtindo: Astia au PRO Neg Hi kwenye Fujifilm, mtindo wa sura kwa Canon, Nikon na Sony, ukolezo 0. Pima mwanga kwa nukta kwenye shavu, si kwenye nguo. Ukipima kwa nukta ngozi nyeusi sana, weka 0 hadi −0.7, maana kipimo hutaka kuifanya ya kijivu cha kati na huipausha. Ukipima fremu nzima, ni kinyume: ongeza +0.7 hadi +1. Majani ya nyuma yakipoteza kidogo, na yapotee. Sura ya bibi ni muhimu kuliko mepo. WB ifunge kwenye 5600 K kukiwa na mawingu, M +1 ikiwa bado kuna kijani kwenye vivuli vya uso, na ukague weupe wa macho na meno: vikiwa vya njano, shusha Kelvin 300.

Nyekundu ikishaanguka

Baada ya katikati ya Oktoba mepo za milimani huwa zimebaki matawi, lakini mialoni ndiyo kwanza inageuka kahawia na hudhurungi, na tamaraki, jamaa wa msonobari anayepukutika, anakuwa njano ya dhahabu kwenye vinamasi. Hapa kipindi cha Velvia kimekwisha. Chagua Classic Chrome, au Neutral kwa kamera nyingine na kontrasti +1, ukolezo −1 hadi 0, WB 5200 K hata kukiwa na mawingu, ili ubaridi wa hewa ubaki kwenye picha. R haitafurika tena. Sasa angalia upande wa kushoto wa histogramu, kwani kahawia ya mwaloni huzama haraka kwenye weusi, na +0.3 huirudisha.